Ndege wa Baba, Ndege ya Bibi

Mwaka jana kazi ilinipitisha Riyadh. Nikabakiwa na alasiri nzima isiyo na shughuli, nikamwambia dereva wa teksi anipeleke Malaz. Akaniuliza mtaa gani. Nimekulia pale, lakini jina la mtaa sikuwahi kulijua. Kwetu nyumba ilikuwa "pale penye tanuri la mikate", na asiyelijua tanuri hakuwa na sababu ya kuja kwetu. Nikamwambia tuzunguke tu, nitapajua nikipaona. Tukazunguka mpaka akaanza kunitazama kwenye kioo chake, na mwishowe nikaitambua ile ngazi ya mbele, ambayo kipandio chake cha kwanza ni kifupi kuliko vyengine na kila mgeni hujikwaa hapo.

Jengo lipo. Tanuri halipo, siku hizi panauzwa simu. Wakati ule asubuhi ukishuka tu unapokewa na harufu ya tamis, ile mikate mipana ya Waafghani, inatoka motoni ina madoa meusi, unaibeba juu ya gazeti huku inakuchoma mikono, na nusu yake imeshaliwa kabla hujafika mlangoni. Nikasimama barabarani kwenye jua, mtu mzima na mkoba wangu wa kazi, na hapo hapo jicho langu la kulia likaanza kucheza. Nikacheka peke yangu. Angekuwepo baba angeniuliza lile swali lake: "La juu au la chini?"

Usijifanye huzijui habari hizi, maana hata kwenu zipo. Ukope wa juu ukicheza, utamwona mtu uliyemkosa siku nyingi. Wa chini, jitayarishe kulia. Kiganja cha kulia kikiwasha riziki inaingia, cha kushoto inatoka. Unyayo ukiwasha ni safari. Na mtu akishaondoka kwenda safari, nyumba haifagiliwi mpaka afike anakokwenda. Zote hizo baba alikuja nazo kutoka Unguja, na lau zingepimwa kwenye mzani wa uwanja wa ndege tungelipishwa uzito uliozidi.

Baba alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini. Mchana kutwa alitazama damu za watu kwenye darubini na kuandika kilichopo tu, si anachokitamani. Akivua lile koti jeupe alirudi kuwa mtoto wa mama yake. Mama yangu alikuwa mwalimu kabla hatujahama, na Riyadh hakuwa na darasa ila mimi, mtoto wao pekee. Tulikwenda miaka ile ambayo watu wetu walikuwa wakimiminika Saudia, baadhi yao kwa mikataba ya hospitali na shule kama baba, na wengi zaidi, hasa dada zetu wa Kenya, kwa kazi za majumbani.

Farasi waliingia nyumbani kwetu kupitia kazini. Mwenzake mmoja wa maabara alimchukua baba Ijumaa moja mpaka Janadriyah, nje ya mji, kwenye uwanja wa mbio. Kamari kule hakuna, ni haramu na sheria haina mchezo. Lakini mlangoni unapewa kadi ya bure. Unaandika farasi unayedhani atashinda mbio kubwa ya siku ile, unaitia kadi kwenye sanduku, na waliopatia majina yao yanachanganywa, linavutwa moja, na mwenye jina lake anaondoka na gari. Baba alirudi siku ile na vumbi kwenye kanzu na uso wa mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato.

"Si kamari," alimwambia mama kabla mama hajasema lolote. "Kamari mpaka utoe kitu. Mie sikutoa kitu."

Mama alikuwa anakaanga kachori. Alizigeuza zote kwanza, moja moja. "Umetoa Ijumaa yako," akasema.

Baba akazitoa Ijumaa zote. Msimu wa mbio huanza Riyadh inapopoa na huisha joto linaporudi, na katika msimu ule hatukujua tena kwenda bustanini wala kwa marafiki. Lazima nikwambie baba hakuwa mlafi wa gari. Alikuwa na jambo lake. Siku tuliyoondoka Unguja alimwahidi bibi, mama yake, kwamba akirudi ataiezeka upya nyumba yake, paa lile la bati lililotoboka. Mshahara ukawa unaliwa na kodi na ada, mwaka ukafuata mwaka, na kila likizo ilipokaribia alisema haendi kwa mama yake mikono mitupu. Gari angeliuza, paa lingeezekwa, naye angeingia mtaani kwao akitembea taratibu ili watu wamwone. Bibi mwenyewe sikuwahi kumsikia akilitaja hilo paa kwenye simu. Lilikuwa paa la baba.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Baba alishika kwamba nina mguu mzuri. Ijumaa yake ya pili nilimtangulia kutoka mlangoni nikikimbilia lifti, na siku hiyo farasi wake akatokea wa pili. Basi tangu hapo hakutoka nyumba ile ila mimi nimetangulia, mguu wa kulia, bila kugeuka nyuma. Nilikuwa na umri wa kuona fahari. Nilitembea kama bibi harusi, mama nyuma na kikapu cha kachori na chupa ya chai ya tangawizi, baba nyuma yake na kanzu yake ya bahati, ambayo ilikuwa na doa la bizari kifuani na ilikatazwa kufuliwa kwa nguvu. Baba alikuwa hata na nadharia yake juu ya Malaz. Zamani, kabla sisi hatujafika, uwanja wa farasi ulikuwa huko huko Malaz, na yeye aliamini kwamba tumepanga nyumba juu ya nyayo zao na kwamba jambo hilo halikuwa bure. Mama alisema jambo hilo lilikuwa kodi nafuu.

Siwezi kukudanganya, nilikupenda kule. Ukitoka kwenye jangwa la rangi moja unakutana na majani mabichi yaliyonyweshwa, yananuka kama shamba baada ya mvua, na farasi wanapita karibu mpaka unausikia mvuke wa pua zao. Kisha mtangazaji anaanza. Anaanza polepole, anayataja majina moja moja kama anayeita watoto darasani, halafu sauti inapanda, maneno yanagongana, na watu wote wanasimama. Baba alikuwa hapigi kelele. Alikuwa akishika bega langu, na kwa mkono wake nilijua farasi wetu yuko wapi. Ukikaza, yuko mbele. Ukilegea, ninywe chai yangu.

Majina ya farasi ndiyo yaliyomponza. Kiarabu na Kiswahili vimeazimana maneno mengi, na baba hakuweza kusikia jina bila kusikia habari ya nyumbani ndani yake. Kukiwa na farasi jina lake Sabri, hilo ni neno la bibi, kila siku anatuhimiza subira. Kukiwa na Sultani, hilo ni jina la babu yake. Alikaa Alhamisi na gazeti lenye orodha ya mbio akiyasoma majina kwa sauti na kuusikiliza mwili wake, kipi kinawasha, kipi kinacheza.

Alhamisi hizo alikuwa akipanda kwetu dada wa chini. Ndivyo tulivyomwita. Alikuwa Mkenya wa bara, anafanya kazi za nyumba kwenye familia iliyokaa ghorofa ya kwanza, na madam wake na mama yangu walikuwa na desturi ya kupelekeana vyakula, kwa hiyo sahani ndiyo iliyompa ruhusa ya kutoka. Alikuwa akiifikisha sahani, anakaa kwenye kibao cha jikoni, ananyoosha miguu, na kwa muda mfupi anakuwa mtu asiyetumwa. Alitupenda, na baba alipenda kumtania, kisa Kiswahili chake.

"Farasi yako ilishinda?" alikuwa akiuliza.

"Farasi hana 'i', dada. Farasi ameshinda. Ana roho yule."

"Sawa, farasi alishinda?"

"Hakushinda."

"Basi ulikuwa unanirekebisha ya nini, baba?"

Mama alicheka mpaka akaweka chini kisu. Dada alikuwa anasema mbuzi imekula, paka imeingia, hata mtoto wa madam wake aliwahi kuwa "imelala", na baba alikuwa anazikusanya kama mtu anayekusanya stempu na kutusomea wakati wa kula. Dada hakukasirika. Alisema kwao ndugu yake mdogo alikuwa akicheza kamari za mpira kwenye simu mpaka akauza kuku wa mama yao, na kwamba Saudia afadhali, kubet mafi, yaani hakuna, mtu anapoteza tu siku yake. Lakini siku moja moja aliniambia ngazini, taratibu, "Ambia babako aniandikie namba nane." Kwa nini nane sijui. Baba alimwandikia.

Sasa nifike kwa bibi. Bibi tulikuwa tukimpigia simu mara moja kwa mwezi, mshahara ukitoka, simu ya haraka haraka na vikohozi vya laini. Alikuwa mwalimu wa chuo, amefundisha watoto Kurani maisha yake yote, na sikio lake lilikuwa kali. Nilipomwambia "bibi, paka yetu imezaa", alinikatiza pale pale kutoka ng'ambo ya bahari: "Paka wetu amezaa. Sema." Nikasema. "Tena." Nikasema tena. Baba alipenda kueleza kwamba mama yake hajawahi kuteleza ulimi hata akiwa na homa.

Mara moja, katika mazungumzo tu, bibi alisema ameota sinia la halua. Kesho yake uwanjani kulikuwa na farasi jina lake Halawa, na alishinda. Hakushinda mbio kubwa, ilikuwa mbio ndogo ya mwanzo isiyo na kadi, lakini baba aliutazama ule ubao wa matokeo kwa muda mrefu. Alhamisi iliyofuata akampigia bibi, wala mwezi haujaisha. Akamuuliza afya, akamuuliza mvua, kisha akamuuliza, kama mtu asiyejali, "Mama, hukuota kitu wiki hii?"

Bibi alikuwa ameota.

Tangu hapo kila Alhamisi baada ya Magharibi simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa wote tusikie, na bibi anasimulia. Ameota nyumba imejaa watu na yeye anapika pilau kwenye sufuria kubwa. Ameota mlango wa mbele umeachwa wazi na hapana mwizi. Ameota viatu vya mtoto barazani. Ameota anatandika kitanda cha pili. Baba alisikiliza na kalamu mkononi. Pilau akaitafutia farasi mwenye jina la karamu. Mlango ukawa farasi jina lake Bab. Viatu vilimsumbua, mpaka akaamua kwamba viatu ni kwato, na kwato ni farasi wote, kwa hiyo ndoto ile imekuja mapema mno. Ukizisikia leo ndoto zile zikipangwa moja baada ya nyengine utaelewa zinasema nini. Mimi nilikuwa mtoto, na baba alikuwa baba. Mama alielewa, nafikiri, maana kila simu ilipokatwa aliinuka kwenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Likizo ya shule ikakaribia, na mama safari hii hakuuliza. Alilitoa begi kubwa juu ya kabati na kulilaza kwenye ukumbi, na likaanza kujaa: blanketi zito la maua kwa bibi, baibui la shangazi, tende, udi, mafuta ya kuchulia miguu kwa sababu bibi alisema miguu inamwuma. Tulipita tukiliruka. Baba aliahidi kwenda kwa kafili wake, yule mdhamini anayetushikia pasi, kuomba viza ya kutoka na kurudi, na mara hii nilimwamini, kwa sababu nilimwona akimchagulia bibi tende mwenyewe, akiziminya moja moja.

Ndipo ilipotangazwa mbio kubwa ya kufungia msimu, nayo ikaangukia ndani ya likizo yetu. Zawadi haikuwa gari moja tena, yalikuwa kadhaa. Alhamisi ikafika, simu ikawekwa mezani. Dada wa chini alikuwapo jikoni na sahani yake. Bibi alisalimu, akauliza kama nimekula, kisha akasema pole pole, kwa ile sauti yake ya kusomesha:

"Mwanangu, jana n'meota ndege. Nyeupe, kubwa. Imetua hapa uani, mpaka migomba ikalala kwa upepo."

Baba aliruka kitini. Aliligeuza gazeti, akalifuata kwa kidole, akapata alichokitaka. Katika farasi wa mbio ile alikuwapo mmoja jina lake Nawras, naye alikuwa mweupe. Nawras kwa Kiarabu ni shakwe, ndege mweupe wa pwani. Baba alimshukuru bibi mara nyingi, akamwombea umri, akakata simu bila kumwambia tunakuja au hatuji. Kisha akasema safari ingoje mbio ipite, wiki mbili tu si kitu, na shule wataelewa.

Dada ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sahani yake tayari. "Lakini baba, hiyo ni ndege ya safari," alisema. "Nyanya anataka muende nyumbani. Si amesema imetua?"

Baba akacheka kwa moyo mmoja, bila ubaya, na kwa hilo nilimsamehe zamani. "Dada yangu, kwako wewe hata kuku imetua."

"Mama yako si kama dada," mama akasema. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa begi. "Mama kasema nyeupe, kasema kubwa, kasema imetua. Angekuwa ndege wa mbawa angesema ametua. Mara tatu, baba watoto. Yule mwanamke hajakosea neno tangu azaliwe."

"Mama mtu mzima sasa, ulimi unachoka."

Dada alishuka na sahani yake. Mimi niliulizwa kama kiganja changu kinawasha, nikasema kinawasha, kwa sababu kilikuwa kinawasha kweli. Tulikuwa tumekula embe za maboksi na mimi embe hunitoa vipele.

Nawras alishinda. Ningependa nikwambie alishindwa, habari ingekuwa fupi na sote tungekwenda zetu. Alikuwa nyuma mpaka kwenye kona ya mwisho, nikahisi mkono wa baba unalegea begani mwangu, kisha ukaanza kukaza, ukakaza mpaka nikaona alama zake jioni nikioga. Mtangazaji alilirudia lile jina mpaka likawa kelele tu. Baba alisujudu palepale kwenye saruji. Majina yakavutwa, magari yale yakaenda kwa watu wengine, mmoja wao mzee aliyekaa safu ya mbele yetu na aliyekuwa amelala wakati wa mbio. Nilidhani baba ataumia. Alirudi nyumbani akiimba. "Mmeona?" alisema njia nzima. "Farasi kapatikana. Bado jina tu. Mama anaona, mama anaona mbali." Aliyekaribia hivyo hawezi kuondoka, atangoja msimu mwengine, na mwengine. Mama aliyatoa mafuta ya miguu begini, akampa msafiri mmoja wa Pemba ayapeleke, na begi likarudi juu ya kabati na blanketi ndani yake.

Mkataba wa Riyadh ulipokwisha baba alipata kazi Jeddah, na tungeweza kupitia nyumbani katikati, lakini kazi mpya ilimtaka haraka, au yeye aliitaka. Jeddah haikuwa Malaz. Hewa ilikuwa nzito na yenye chumvi, shuka hazikauki, na Sharafiya tulikokuwa tukienda Ijumaa ilijaa watu wetu kwenye foleni za kutuma pesa na kwenye maduka ya simu, na ungeweza kupita mtaa mzima ukisikia Kiswahili cha kila namna. Farasi wakawa mbali. Mbio zilikuwa Taif, juu milimani, wakati wa joto tu. Lakini simu za Alhamisi zikaendelea, na bibi akaendelea kuota, na baba akaendelea kuandika, akiweka akiba ya ndoto kwa ajili ya msimu.

Habari ilifika asubuhi, mimi bado kitandani. Shangazi, dada yake mkubwa baba, ndiye aliyepiga simu. Bibi amefariki alfajiri, watazika baada ya adhuhuri. Pasi zetu zilikuwa kwa kafili na ofisi zilikuwa zimefungwa kwa mapumziko ya wiki. Baba aliwapigia watu wote aliowajua, akawa anasema maneno yale yale kwa Kiarabu, mama yangu, mama yangu, na kila aliyempigia alimpa pole nzuri. Ilipofika adhuhuri alitawadha, akavaa, akasimama katikati ya chumba akielekea kibla, na sisi nyuma yake, tukamsalia bibi tukiwa mbali naye. Sijapata kuisikia sauti yake ikiwa ndogo namna ile.

Tulifika Unguja kwa khitma ya arubaini. Paa lilikuwa lile lile, na mvua ilipokuja shangazi aliweka beseni chini ya tundu bila hata kutazama juu, kama unavyofunga mlango wa nyumba uliyoizoea. Watu walikuwa wengi uani. Mimi na mama tulikaa jikoni na shangazi, yeye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Baba akaja akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Akauliza, na mpaka leo sijui kwa nini aliuliza, labda alitaka tu kumsikia mama yake kwa mara nyengine:

"Dada, siku zile za mwisho mama alikuwa akiota nini?"

Shangazi hakuacha kukuna. "Kuota? Mama alikuwa halali, we. Tangu miguu ianze kumvimba, usiku wote yuko macho na tasbihi yake. Lakini alivumbua kwamba akikwambia kaota unapiga simu. Basi Alhamisi ikifika mchana kutwa haniachi nipike. 'Nambie, leo nimwambie n'meota nini, hata aje?' Pilau alitunga mwenyewe. Mlango alitunga mwenyewe. Viatu pia."

Akakitupa kifuu akachukua nazi nyengine.

"Ile ya ndege nilimpa mie. N'lichoka. Nikamwambia, mama, mwambie umeota ndege imetua uani, hiyo hata mtoto mdogo ataifahamu."

Mama aliinamisha kichwa. Baba aliingia jikoni, mahali ambapo wanaume hawaingii siku za shughuli, akachutama mbele ya shangazi, akaichukua sahani ya nazi iliyokunwa akaishika kwa mikono miwili. Shangazi akaendelea kukuna. Baadaye akamwambia atoke, watu wanamngoja uani, naye akatoka.

Hakwenda tena kwenye mbio. Alimaliza mkataba wake Jeddah bila kufungua gazeti ukurasa ule, akarudi Unguja, akaiezeka nyumba. Anakaa humo sasa na mama. Dada wa chini nasikia alirudi kwao kabla hatujatoka Riyadh, hatukupata kuagana, na namba yake hatukuwa nayo. Sijui kama yupo mtu aliyemwambia kwamba alikuwa amepatia.

Kinachonisikitisha, rafiki yangu, si gari wala safari moja iliyoahirishwa. Ni kwamba mwanamke yule alilala macho akituwaza, akatafuta lugha ya kumwambia mwanawe neno jepesi kabisa, akaona neno lenyewe likisemwa wazi litakuwa mzigo kwake, akalifunika kwa ndoto. Na sisi tukasikiliza kwa makini mno, kila wiki, na kalamu mkononi. Hakuna tena anayetungiwa ndoto kwetu. Baba akinipigia simu siku hizi haendi mbali. Ananisalimu, kisha ananiuliza, "Unakuja lini?" Nami nimejizoeza kumtajia tarehe kwanza, halafu ndiyo nikaiombe likizo kazini. Bibi hakuwahi kutajiwa hata tarehe moja.